Maswali ya Gereji: Golf GTI ya 2007, RunX ya farasi 190 na vijana wenye haraka

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina miaka 24, nimeajiriwa, naishi Umoja, Nairobi. Nimeona Volkswagen Golf GTI ya 2007 yenye tabo (turbo) na gia za DSG (zinazojibadilisha zenyewe kwa klachi mbili), dashibodi inasoma kilomita 128,000. Mwenyewe anasema ni kuwasha na kwenda. Nataka liwe gari langu la mradi: siku za kazi niliendeshe, wikendi nilishughulikie mwenyewe, baadaye niliongezee nguvu na kulishusha. Akiba niliyo nayo inatosha bei anayotaka, lakini sibaki na kitu. Niangalie nini kabla ya kulipa? – Kijana wa Umoja

JIBU: Akiba yote ikiishia kwa muuzaji, usinunue. Katika kila shilingi 100 ulizo nazo, tenga 65 za kununulia na 35 za miezi mitatu ya kwanza. Na hizo 35 si za programu ya kompyuta ya kuongeza nguvu wala springi fupi. Ni za mkanda wa taimingi, oili ya gia boksi, matairi, breki na kikombe kimoja kidogo cha chuma tutakachokieleza hapa chini. Ukikosa hizo, tafuta GTI ya bei ya chini au subiri. Magari yapo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo kila Golf ya aina hii iliyopo sokoni imeshapita mikono kadhaa hapa hapa. Ukienda kuliona usivutwe na hadithi kwamba limetoka Japani. Uliza risiti za Nairobi: nani alibadilisha mkanda, lini, gari likiwa na kilomita ngapi. Ukitaka kujua kama kilomita zimerudishwa nyuma, tafuta karatasi ya mnada ya Japani kwa namba ya chesisi, kisha fungua milango usome stika za kubadilisha oili ambazo gereji za Japani hubandika pembeni mwa fremu.

Hakikisha pia ni GTI kweli. Beji na grili ya mstari mwekundu hununuliwa Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea ya Nairobi, kama mahindi. Chini ya zulia la buti, kwenye shimo la tairi ya akiba, kuna stika yenye alama ya injini: GTI ya miaka hiyo ni AXX au BWA, lita 2.0, farasi 200, Nm 280 za nguvu ya kuzungusha. Golf yenye injini ya 1.4 au 2.0 isiyo na tabo huvalishwa nguo za GTI bila shida. Namba ya chesisi huanza na WVWZZZ1KZ, na herufi ya 10 ni mwaka wa modeli, 7 ikiwa ni 2007. Lakini mwanzo huo ni wa Golf zote za kizazi hicho, kwa hiyo stika ya buti ndiyo yenye jibu.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa bomba la ekzosti na mpira wa juu wa rediata. Vikiwa vya moto, rudi siku nyingine, maana kuna kelele anayotaka usiisikie. Likiwashwa likiwa baridi, sikiliza upande wa gia boksi, nyuma ya silinda hedi. Kuna mnyororo mfupi unaounganisha kamshafti mbili, yaani mihimili inayofungua vali. Mlio wa chuma wa sekunde moja au mbili unavumilika. Ukiendelea, kikaza mnyororo kinakufa. Baadaye, injini ikiwa na joto, iache ikae silensi (izunguke bila kukanyaga mafuta) dakika tano kisha kanyaga mara moja huku mwenzako akitazama nyuma. Moshi wa bluu maana yake oili inapita kwenye sili za vali, kwenye tabo au kwenye valvu ya PCV, inayopumulia mvuke wa ndani ya injini. Valvu ni ya bei nafuu na tabo si ya bei nafuu, hivyo usikubali neno "ni kitu kidogo" kabla ya kujua ni ipi. Jaribu kufungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: kikivutwa kwa nguvu mpaka kinang'ang'ania, utando wa PCV umepasuka.

Sasa hicho kikombe. Injini hii hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na pampu ya presha kubwa husukumwa na kamshafti ya vali za kuingiza. Kati ya nundu ya kamshafti na pampu kuna kam folowa, kikombe kinachokaa kwenye kiganja. Juu yake kina rangi nyeusi ngumu. Rangi ikiisha, chuma hulika. Chuma kikitoboka, ncha ya pampu huanza kusaga kamshafti, vumbi la chuma linaingia kwenye oili, presha ya petroli inashuka na gari linapoteza nguvu ukikanyaga sana. Kikombe kilichobadilishwa kwa wakati ni gharama ya mlo wa familia hotelini. Kisipobadilishwa, unanunua kamshafti na pampu, na wengine wameishia kununua injini.

Kwa hiyo weka sharti kabla ya kulipa: kikombe kitolewe mbele yako. Kazi haifiki saa moja kwa fundi anayeijua. Injini iwe imelala usiku kucha, kwa sababu bomba la petroli la pampu hiyo hufanya kazi kwa presha ya zaidi ya baa 100 na petroli ikiruka kwenye injini ya moto ni hatari. Anafunika viungo kwa kitambaa, analegeza mabomba polepole, anatoa plagi ya umeme, kisha bolti tatu za pampu. Kikombe kinatoka kwa sumaku. Cheusi chote: kirudishe. Duara la fedha katikati: weka kipya, namba ya spea ni 06D 109 309 C. Kikiwa na shimo, ingiza tochi uitazame nundu ya kamshafti. Ikiwa na mikwaruzo au kona kali, ondoka. Wakati wa kurudisha, zungusha injini kwa mkono mpaka nundu iwe chini, ili springi ya pampu isikazwe upande ukavunja bolti, na kaza kwa Nm 10 tu. Gari likiwa lako, rudia ukaguzi kila kilomita 15,000 hadi 20,000. Ukiongeza nguvu kwa programu, punguza kilomita hizo, kwa maana pampu inasukumwa zaidi.

Mkanda wa taimingi: bila risiti, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Ukikatika, pistoni hukutana na vali na hedi imekwisha. Nunua seti nzima, yaani mkanda, kikaza, rola na pampu ya maji, kwa sababu pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo na hakuna mtu anayetaka kulipia kazi ile mara mbili. Hapo hapo uliza kama thamostati ipo. Baadhi ya gereji zetu huitoa gari likichemka mara moja, kisha injini inaendeshwa baridi maisha yake yote na kunywa petroli. Mshale unapaswa kufika 90 na kutulia hapo, hata barabarani Thika Road kwenye mwendo. Maji yawe ya rangi ya waridi, si kijani na si ya bomba.

DSG ya gari hili ni ya gia 6, aina ya DQ250, klachi zake huogelea kwenye oili. Ni imara kuliko ile kavu ya gia 7 iliyokuja baadaye, lakini inadai oili na filta kila kilomita 60,000 na muuzaji wa kawaida hajui. Katika majaribio, weka D kwenye ardhi tambarare, achia breki bila kukanyaga: gari lianze kutambaa laini. Likitetemeka au kuchelewa kisha kuruka, tatizo ni klachi au mekatroniki (kompyuta na valvu zinazoendesha gia). Panda kilima kwa rivasi. Ukiwa N injini ikiguguma kwa mlio wa makopo na mlio ukabadilika ukiweka D, ni flaiwili, gurudumu zito kati ya injini na gia boksi. Herufi za gia zikiwaka na kuzima zote kwenye dashibodi, maliza mazungumzo.

Kubadilisha oili hiyo si kumwaga na kujaza. Inaingia takriban lita 5.2, ya kiwango cha G 052 182, na kiwango hupimwa injini ikinguruma, oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, kupitia kijibomba kilicho ndani ya tundu la kumwagia. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto la gia boksi hawezi kupima. Mpe mwingine.

Vingine ni vidogo. Daivata valvu ya zamani ya tabo (inayoachia presha ya hewa ukiondoa mguu) ina utando unaochanika: gari linakuwa zito na kupiga filimbi, weka ile ya pistoni yenye herufi D mwishoni mwa namba. Bushi za nyuma za mikono ya chini ya mbele hupasuka kwa matuta yetu. Vali za kuingiza huziba kaboni kwa sababu petroli haizioshi, dalili ni kutetemeka asubuhi. Dawa ni kufungua manifodi na kuzisafisha kwa unga wa maganda ya walnut, si chupa ya kumimina kwenye tangi.

Karatasi: tazama rekodi ya gari NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, jina lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kisha tafuta kwenye rejista ya dhamana za mali inayohamishika iliyoundwa na sheria ya 2017, uone kama gari limewekwa rehani kwa mkopo. Usikubali "logibuku iko kwa kaka". Lipa baada ya uhamisho kuanzishwa na yeye mwenyewe.

Kuhusu programu ya nguvu: kwa tabo ya kiwandani, faili ya hatua ya kwanza hupeleka injini hii karibu na farasi 240 na Nm 350. Hiyo Nm 350 ndiyo mpaka ambao gia boksi ya DQ250 iliundwa kubeba. Ndiyo sababu tunasema kwanza mwaka mzima bila programu: oili ya kiwango cha VW 502.00, lita 4.6 pamoja na filta, kila kilomita 8,000 na si 15,000. Plagi na koili (zinazozipa plagi umeme wa cheche) nzima. Hakuna uvujaji wa presha. Programu haitengenezi gari bovu, inaliua haraka. Kulishusha tungeliacha. GTI tayari liko chini kwa milimita 15 kuliko Golf ya kawaida, na unaishi Umoja. Bushi mpya na shokapu nzuri za urefu wa kiwandani zitakupa usukani unaoutafuta.

SWALI: Mwanangu ana miaka 20, leseni ana mwaka mmoja. Amekataa Vitz, anataka gari dogo la kasi la kuchezea na marafiki zake. Baba yake amesema hapana, mimi nimekwama katikati. Nifanyeje? – Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Mama, shikamoo. Tusiingilie neno la baba, lakini kuna njia ya kati.

Kwanza piga simu ya bima kabla ya gari kuonekana. Uliza mambo matatu: kama wanakubali bima kubwa (inayolipia pia gari lenu) kwa gari la umri huo, maana kampuni nyingi husita gari likizeeka, kiasi ambacho dereva kijana au mwenye leseni changa anapaswa kujilipia mwenyewe ajali ikitokea, na kama marekebisho yakifanyika yanahitaji kuandikwa kwenye hati ya bima. La tatu ndilo vijana hulificha. Gari lenye tabo iliyoongezwa nguvu bila taarifa linaweza kuwa limekatiwa bima ambayo siku ya kudai haifanyi kazi. Majibu yakifika, mara nyingi gari linajichagua lenyewe.

Pili, kwa mtoto wa leseni ya mwaka mmoja tusingechagua Golf yenye tabo. Tungemtafutia Suzuki Swift Sport ya ZC31S, iliyouzwa Japani kuanzia 2005: injini ya 1.6 isiyo na tabo, farasi 125, gia 5 za mkono, mnyororo badala ya mkanda, na nguvu inakuja polepole kadiri unavyokanyaga badala ya kumrukia. Ni nyepesi, kwa hiyo matairi na breki zake hazimtoi jasho mfukoni. Atajifunza kufungua plagi, kubadilisha pedi na kurekebisha breki ya mkono bila kuogopa gharama. Kwa pwani, mlale chini na tochi: chumvi hula mabomba ya breki, kingo za chini za milango na mahali springi za nyuma zinapokaa. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini yote wiki iliyopita inaficha kitu, ikwaruzeni kwa bisibisi.

Shilingi ya kwanza ya "kuboresha" iwe matairi. Ubavuni kuna neno DOT na tarakimu nne za mwisho, wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Yaliyozidi miaka sita, hata kama yana meno, yatolewe, kwa kuwa raba imekauka na mvua ya kwanza ya masika ndiyo itakayoonyesha. Matairi manne ya aina moja. Kisha oili ya breki, ambayo hunyonya maji na kuchemka: mpya kila miaka miwili, DOT 4. Akitimiza hayo kwa pesa zake mwenyewe, umeshajua kama ana nia ya mradi au ya kelele.

SWALI: Nipo Dar. Jamaa wa mtaa wa Gerezani ananiuzia Toyota Corolla RunX, anasema ni "ile ya farasi 190". Nitajuaje, na nikiichukua ina ugonjwa gani? – Dereva wa Tabata

JIBU: Usisome beji, soma kibati cha chesisi chini ya boneti. NZE121 ni injini ya 1.5, gari zuri la kwenda kazini. ZZE122 ni 1.8 ya kawaida, 1ZZ. Unayoitaka ni ZZE123, yenye 2ZZ-GE, gia 6 za mkono au otomatiki ya 4. Kisha linganisha na injini yenyewe, maana wapo waliobadilishiwa injini na kadi haijaguswa. Injini na kadi zisipolingana, mwachie mwenyewe ashughulike na TRA, mamlaka ya mapato.

Raha ya 2ZZ ni kamshafti yenye nundu mbili kwa kila vali: chini ya mizunguko takriban 6,200 inatumia ndogo, juu yake inahamia kubwa, na sauti inabadilika kama gari jingine. Kwenye majaribio, injini ikiwa imepata joto kamili, vuta gia ya pili mpaka 7,500. Usiposikia badiliko, gari limekosa kitu. Anza na oili: ikiwa chini ya alama, presha haitoshi na nundu kubwa haishiki. Kisha valvu ya kudhibiti oili na chujio lake dogo la waya, ambalo huziba uchafu. Toa, osha, rudisha na gasketi mpya. Injini za miaka ya mwanzo zilikuwa na bolti za rokashafti (mhimili wa mikono inayosukuma vali) zinazolika na kukatika. Zilibadilishwa na zilizoimarishwa na ni kazi ya mchana mmoja baada ya kutoa kava la vali. Muuzaji akisema hana habari, weka bolti mpya kwenye bajeti.

Kifo chake kikubwa ni mkono wa dereva. Ukiwa juu kwenye gia ya tatu ukataka ya nne ukashika ya pili, injini inapita mipaka, pampu ya oili inapasuka na vyuma vinabaki bila oili. Kosa hilo halionekani kwenye mashine ya kusoma makosa. Utalisikia kama mlio wa kugonga sehemu ya chini ya injini ikiwa ya moto, kwenye silensi. Oili 5W-30, lita 4.4, na uichungulie kila jumamosi. Injini hii hubana hewa na petroli kwa mbano wa 11.5 kwa 1 na Toyota iliitengenezea petroli ya daraja la juu ya Japani, kwa hiyo jaza petroli ya oktani kubwa kuliko zote kituoni; ikianza kugonga kwa sauti ya kokoto ukipanda mlima, punguza mguu na ubadilishe kituo.

SWALI: Golf yangu ya tabo inatetemeka, taa ya injini inawaka na kuzima. Fundi amesema injini imekwisha, nitafute ya mtumba. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Usinunue chochote bado. Taa inayomweka maana yake silinda inamisi (haiwaki) na petroli isiyoungua inaenda kuchoma katalisti, kisafisha moshi kwenye ekzosti, kwa hiyo acha kuliendesha. Soma makosa kwa mashine. P0301 hadi P0304 hutaja silinda: P0302 ni ya pili. Injini ikipoa, toa kava la plastiki, vuta koili ya silinda ya 2 na uibadilishane na ya 3. Futa makosa, washa. Ikigeuka kuwa P0303, koili hiyo imekufa, nunua moja, au zote nne kama zina umri. Ikibaki P0302, badilishana plagi kwa njia hiyo hiyo. Plagi mpya ziwe na nafasi ya milimita 0.8. Ikibaki bado, ndipo fundi apime mbano wa silinda zote nne, injini ikiwa ya moto na mguu ukiwa umekanyaga hadi chini. Silinda moja ikiwa chini ya zingine kwa zaidi ya baa 3, hapo ana hoja, na muulize akuonyeshe geji kabla hajafungua bolti ya kwanza.